Fomu Niliyoipandisha Mlimani

Watu wananiambia: umepona, sasa samehe. Kupona nimepona, kwa kadiri daktari anavyothubutu kulitumia neno hilo. Kusamehe bado. Ninaandika haya nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha, maana najua yuko mwanamke mahali fulani leo hii, pengine Matombo, pengine Turiani, pengine nyumba ya tatu kutoka kwako, ambaye ana karatasi ya hospitali ndani ya mkoba na anangoja mtu mwingine amwambie kama anaruhusiwa kuishi. Namwandikia huyo. Wengine mkipenda kusikiliza, karibuni mkae.

Sitaeleza saratani ni nini. Wapo walioisomea. Mimi nitaeleza mabenchi, mlima na karatasi.

Jina langu Asha, ila tangu nimezaa wengi wananiita Mama Zuhura. Nilizaliwa Mgeta, kule juu ambako kabichi na njegere hulimwa kwenye miteremko ambayo mgeni akiitazama tu magoti yanamlegea. Nimeolewa Mlali, chini ya mlima, kwa watu wa nyanya. Mume wangu, Hamisi, ana majaruba ya mpunga Dakawa, na kila msimu hukaa kule mpaka mavuno yaishe. Maisha yetu yako sehemu tatu, na ugonjwa wangu ulizitembelea zote.

Kivimbe nilikikuta masika yanaishia, nikiwa naoga. Titi la kulia, upande wa chini, kigumu, hakiumi. Punje ya hindi tu. Nikajiambia ni jipu linakuja. Jipu halikuja. Nyanya zilipoanza kushika rangi nikaenda hospitali Morogoro mjini, na huko nikajifunza kazi mpya, kazi ya kungoja. Benchi la kwanza ni la kadi, la pili la daktari, la tatu la kipimo, la nne la majibu. Kila benchi lina ubao uliolegea, na kila ubao uliolegea una mama wa kukuonya usiukalie. Walinichoma sindano nene wakachukua nyama kidogo, wakaniambia nirudi baada ya wiki mbili.

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. Akasema ndiyo, ni saratani, lakini bado ni ndogo. "Mama, tukiwahi tunatoa kipande tu. Titi linabaki." Nakumbuka vizuri alivyosema tukiwahi. Nilipotoka kwake, muuguzi mmoja mtu mzima tuliyezoea kumwita Sista akanipa karatasi mbili zilizobanwa pamoja.

"Hii ni fomu ya upasuaji, Mama. Nenda nayo nyumbani, zungumza na familia, uje na ndugu wa kusaini. Usikawie."

Uje na ndugu wa kusaini. Maneno hayo yalitosha kunipotezea wiki tisa.

Inabidi nieleze kwa wasio wa kwetu. Sisi Waluguru mtoto ni wa upande wa mama. Ukoo ni wa mama, shamba ni la ukoo wa mama, na mwenye neno juu yako ni kaka wa mama yako. Mjomba ndiye anayekuoza, ndiye anayegawa shamba, ndiye anayeketi mbele mambo yakiharibika. Nimekua hivyo na sikuwahi kuona kasoro. Jembe langu la kwanza alinipa Mjomba Saidi, na alilichagua jepesi ili lisinichubue. Kwa hiyo Sista aliposema ndugu wa kusaini, sikuhitaji kuuliza kusaini nini. Nilielewa kama ambavyo kila mtu wa kwetu angeelewa: nenda ukalete ruhusa ya wenye mtoto. Fomu yenyewe niliifungua nikiwa bado pale kwenye benchi, jicho likaanguka kwenye neno upasuaji, nikaikunja. Sikuifungua tena. Nilimaliza darasa la saba, na barua za mtaa mzima nasoma mimi, ila yangu iliniogopesha.

Lakini nimeolewa, na mume naye ana heshima yake. Nikaanza na mume, kwa sababu Dakawa ni tambarare.

Nilimkuta kwenye jaruba, mpunga umeshakatwa, wanaupiga kwenye turubai. Alifurahi kuniona mpaka nilipotoa mfuko wa nailoni wenye karatasi.

"Wanataka wanikate," nikamwambia.

"Wakukate nini?"

Nikaonyesha kwa mkono. Hamisi akageuza uso akaangalia wenzake wanavyopiga mpunga.

"Mama Zuhura, mimi ni mume tu," akasema. "Nikisaini halafu ukafia mezani, Mgeta nitapita na uso gani? Wajomba zako watasema nimewaulia mtoto wao. Mwili huo ni wa ukoo. Mpelekee mjomba wako."

"Wewe mwenyewe unasemaje?"

"Nasema tumwachie Mungu. Akipenda utapona hata bila kisu."

Hamisi si mtu mbaya. Nalisema mapema ili msije mkanichukulia mume wangu vibaya kuliko ninavyomchukulia mimi. Alikuwa anaogopa. Lakini kuna watu wakiogopa hukimbia, na kuna watu wakiogopa humtanguliza Mungu mbele wasimame nyuma yake. Mume wangu ni wa hao wa pili, na nilikuja kugundua kwamba ukoo wangu wote ni wa hao wa pili.

Nikapanda Mgeta kwa lori lililokuwa likienda tupu kupakia kabichi. Barabara mnaijua. Kila kona tulipotikiswa nilishika titi kwa mkono mmoja na mfuko wa nailoni kwa mwingine. Mjomba Saidi nilimkuta shambani, bomba la dawa mgongoni, anapulizia viwavi kwenye kabichi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umepanda bila taarifa, kuna msiba?"

Nikamweleza, yeye anapulizia, mimi namfuata mstari kwa mstari. Alipofika mwisho wa tuta akasimama.

"Mimi nilishakuoza," akasema. "Mwenye mke ndiye mwenye neno. Nikisaini mimi, Hamisi atasema nimemdharau. Halafu jambo zito namna hii haliamuliwi shambani, linataka ukoo ukae. Tutakaa, kabichi zikishateremka."

"Daktari amesema niwahi, mjomba."

"Daktari siye Mungu. Jitihada haiondoi kudura."

Kisha akapampu bomba lake, akaendelea na tuta linalofuata.

Nataka msimame hapo kidogo kama nilivyosimama mimi. Mzee huyu hakuwaachia viwavi kudura yao. Kila wiki aliwapelekea dawa, na mvua ikiiosha anarudia. Hajawahi kuketi kizingitini akasema kama Mungu amepanga kabichi zangu ziliwe, basi zitaliwa. Kudura ilikuwa ya titi langu tu. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na moja, nimesimama juu ya tuta na viatu vimejaa udongo, na sikumwambia hata neno moja katika haya. Nilisema, "Haya, mjomba." Ndivyo nilivyofundishwa.

Kikao kiliahirishwa mara ya kwanza kwa sababu ya msiba wa kweli kijiji cha pili. Kiliahirishwa mara ya pili kwa sababu lori lilikuja mapema na wanaume wote wakaenda kubeba. Baridi ya kipupwe ilikuwa kali, asubuhi ukungu unaingia hadi jikoni, na kila nilipojishika nilikuta punje ya hindi imekuwa kokwa la pichi.

Siku waliyokaa, walikaa nyumbani kwa mama yangu. Wanaume sebuleni, na shangazi wawili watatu wazee mlangoni. Na mimi, mnadhani nilikaa wapi? Jikoni. Niliambiwa wageni ni wengi, niwapikie. Walijadili titi langu mimi nikiwasongea ugali. Nilisikia sauti zikipanda na kushuka kupitia ukuta, nikasikia mtu akisema hospitali za mjini zinapenda kukata watu, nikasikia mtu akicheka, sijui kwa lipi. Nilipoingiza sinia, shangazi mmoja akanishika mkono kwa huruma kabisa akaniambia, "Mwanangu, usihuzunike. Kazi ya Mungu haina makosa."

Maneno hayo sisi tunayasema msibani. Tunamwambia mfiwa, maiti ikiwa imeshatoka. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake nimebeba ugali wa moto.

Uamuzi ukawa: isomwe dua Ijumaa tatu, Hamisi aandikiwe barua aseme msimamo wake, kisha ukoo utakaa tena. Fomu ikarudi kwangu ndani ya nailoni yake ileile. Ilikuwa imepata doa la mchuzi.

Sina ugomvi na dua. Nilizisikiliza, na ile ya kwanza nililia kwa utamu. Ugomvi wangu ni na watu wanaoitikia amini kwa sauti kubwa ili wasisikie wanachoombwa wafanye.

Jioni mama aliniletea mapichi matatu kwenye upindo wa khanga yake. Tukayala. Mama yangu si msemaji. Alipomaliza akatupa kokwa, akafuta mikono, akasema, "Mvua ni ya Mungu. Tuta tunachimba sisi. Nilidhani hilo nilikufundisha."

Nikamuuliza mbona hakuyasema hayo mchana, mbele ya kaka yake. Alichukua kopo akaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji. Hasira yangu juu ya mama ni ndogo kuliko nyingine, lakini ipo, na siku hizi tunaweza kuitaja tukiwa tumekaa pamoja.

Asubuhi yake niliteremka. Sikuwa jasiri, msije mkanipamba. Nilikuwa nimechoka tu, na nilitaka kwenda kumwambia Sista kwamba wamekataa, aniambie nini kinafuata kwa mtu ambaye wenyewe wamekataa.

Sista alikuwa palepale kwenye meza yake. Akatazama tarehe kwenye kadi yangu, akanitazama mimi.

"Ulikuwa wapi, Mama?"

"Natafuta saini. Mume anasema mjomba, mjomba anasema mume. Hakuna aliyesaini."

Akanyoosha mkono, akaichukua fomu, akaikunjua juu ya meza, doa la mchuzi na yote. Akaweka kidole. "Soma hapa."

Nikasoma. Palikuwa na mstari, na chini ya mstari pameandikwa: saini ya mgonjwa.

"Na hapa."

Chini kabisa, mstari mfupi zaidi: saini ya shahidi.

"Ndugu ni wa kushuhudia tu," Sista akasema. "Kwamba umeelezwa na umekubali mwenyewe. Hata jirani angeshuhudia. Hata mgonjwa mwenzako." Kisha nadhani aliuona uso wangu, kwa sababu akashusha sauti. "Nisamehe, Mama. Tunawaambia hivyo kila siku, lete ndugu asaini. Sikujua unakokwenda nayo."

Sikuwa na mahali pa kuiweka hasira ile. Iliwaangukia Hamisi, mjomba, shangazi, ikamfika Sista ambaye angeongeza maneno manne tu, halafu ikanirudia mimi. Nilitembea na jibu mkobani. Nililipeleka Dakawa, nikalipandisha Mgeta, nikalilaza nyumbani kwa mama wiki kadhaa, nikaliteremsha. Nilikuwa natafuta mapenzi ya Mungu kwa kuzunguka kuwatazama watu usoni, na huku Mungu huyohuyo ameacha mstari mtupu wenye nafasi ya jina langu. Sikuifungua fomu niusome.

"Una kalamu?" nikamuuliza.

Nikasaini. Jina lilitoka lote. Sista akauliza nani atashuhudia, na mwanamke mmoja kwenye benchi, amejifunga kitambaa kichwa kizima, hana nyusi, akanyoosha mkono mfano wa mwanafunzi.

"Lete hapa. Mimi ni mwalimu, saini zangu zinasomeka."

Huyo ndiye Mwalimu Edith, Mhaya wa Kagera aliyekuwa akifundisha mjini. Kwake ugonjwa ulianza kabla yangu kidogo. Aliweka fomu juu ya goti akaandika jina lake lote, herufi kwa herufi. Undugu wetu ulianza hapo.

Kipande tu hakikuwezekana tena. Daktari yule kijana alinipima, nikamuuliza, "Ningekuja wakati ule?" Akasema, "Tuongelee leo, Mama." Jibu nililipata. Wakatoa titi lote na tezi za kwapani. Hiyo ilikuwa mwanzo wa vuli, mvua za kwanza zinapiga bati la wodi. Niliamka nimefungwa kifua, mrija unatoka ubavuni unaingia kwenye chupa. Siku walipofungua bandeji niliomba kioo. Sista alisema si lazima leo, nikasema ni leo. Palikuwa tambarare, na mshono umepita kutoka kifuani hadi kwapani. Nilinyonyeshea pale watoto watatu. Nililia kwa hasira, siyo kwa huzuni, na yeyote aliyelia kwa hasira anajua machozi yake yana joto tofauti.

Hamisi alikuja na nazi na machungwa. Akasema, "Mungu ni mkubwa."

"Mkubwa, ndiyo," nikamjibu. "Wewe ulikuwa wapi?"

Wodi nzima ilisikia. Lakini Hamisi alikaa, na alipofundishwa kumwaga ile chupa ya mrija aliimwaga kila siku kwa mikono yake, bila kuziba pua. Hiyo naiandika kwa upande wake.

Baada ya hapo miezi yangu haikuwa na majina, ilikuwa na namba. Dripu ya kwanza ya dawa ya saratani, ya pili, hadi ya sita, zote Dar es Salaam, kila wiki tatu. Nilikuwa nikienda na Mwalimu Edith, tumepangwa siku moja. Dripu ya kwanza ilinidanganya, nikadhani nitaimudu. Ya pili ilichukua nywele, zilibaki kwenye mto nikazikusanya kama ninavyokusanya maganda ya njegere. Ya tatu iliweka weusi kwenye kucha na vidonda mdomoni. Kisha nikaanza kuichukia harufu ya nyanya. Mlali nzima ni nyanya. Niliishi miezi mizima nimejifunga ukaya puani katika kijiji ambacho hata upepo wake ni nyanya, na Zuhura wangu alijifunza kupika mchuzi wa nazi mtupu bila kuambiwa. Dripu ya sita iliangukia mwezi wa Ramadhani. Dini yenyewe imemruhusu mgonjwa kula mchana. Jirani yangu hakuniruhusu, alinitazama nikinywa uji mlangoni mpaka nikauingiza ndani. Siku ya pili nikautoa tena mlangoni.

Mkono wa kulia nao ulianza kuvimba, kwa sababu ya zile tezi. Umevimba hadi leo. Jembe nashika kidogo.

Kule Dar es Salaam, kwenye chumba cha kungojea, palikuwa na watu waliokuja kutufariji. Mmoja alimwambia Mwalimu Edith kwamba Mungu amemchagua kwa ugonjwa huu, ana kusudi naye. Alipoondoka nilishindwa kujizuia.

"Mwalimu, wewe unaliamini hilo? Kwamba Mungu alikaa akatafuta mtu wa kumpa kitu hiki, akasema ngoja nimpe Edith?"

"Usipige kelele, Asha, watu wanatapika."

"Nijibu."

Alikuwa na barafu mdomoni, alikuwa akinyonya barafu kupunguza vidonda. Akangoja iyeyuke.

"Zamani nilikuwa namuuliza kwa nini," akasema. "Miezi mingi. Hajanijibu. Nikabadilisha swali. Siku hizi kila asubuhi namuuliza, leo nifanye nini? Hilo napata jibu. Leo jibu lilikuwa nije, nichomwe, nikusikilize ukigomba."

"Na kusudi?"

"Kusudi nitaliona nikifika. Wewe kunywa maji."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wanaotoa ushuhuda hupenda kuruka. Mwalimu Edith alifanya kila kitu sawasawa. Aliwahi. Alisaini mwenyewe siku aliyopewa fomu, hakumzungukia mtu. Hakukosa dripu hata moja. Masika yaliyofuata ugonjwa ukaingia kwenye ini, na kabla mvua hazijakatika alikufa. Mimi niliyechelewa wiki tisa nipo naandika.

Nilienda kumzika. Na pale kaburini nikamsikia mtu nyuma yangu akisema, kazi ya Mungu haina makosa. Nilitaka kugeuka nimjibu. Sikugeuka, kwa sababu aliyeyasema alikuwa mama yake Edith, na alikuwa akijiambia mwenyewe.

Niliteremka kwenye gari nikiwa nimevurugika kabisa. Kwa hiyo mjomba alisema kweli? Jitihada haikuondoa kudura. Nimelibeba swali hilo muda mrefu kuliko fomu. Nilichofikia ni hiki, na kama wewe umefika mbali zaidi niambie. Methali ni ya kweli, ila ina mwenyewe. Ni ya mtu aliyekwisha kufanya jitihada. Mama yake Edith anayo haki ya kuisema. Edith mwenyewe angekuwa nayo. Mtu aliyeketi na mikono mapajani hana haki nayo, na hana haki kabisa ya kuitupa juu ya mwili wa mwenzake. Mwisho wa maisha yangu Mungu anaujua na hajaniuliza. Lakini kuna mstari mmoja hapa katikati alionipa mimi, na siku ya hisabu sidhani kama ataniuliza mjomba wako alisemaje.

Akina mama wa mtaani walinitaka nisimame kwenye maulidi niseme ugonjwa ulikuwa neema. Nilikataa. Neema ilikuwa Sista kuomba radhi. Neema ilikuwa barafu, mchuzi mweupe wa Zuhura, mapichi matatu, na Hamisi na ile chupa. Ugonjwa ulikuwa ugonjwa.

Kipupwe hiki kilichopita, asubuhi moja nikiwa nachambua mboga uani, Mjomba Saidi aliingia. Alikuwa ameteremka na lori la kabichi. Alitembea ametanua miguu, hatua ndogondogo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu."

Nikampa kigoda, akakataa, akaketi mkekani kwa taabu. Akaingiza mkono ndani ya koti akatoa mfuko wa nailoni. Niliujua kabla hajaufungua. Mjomba wangu alikuwa na ngiri, ameificha miaka, anaifunga kwa kitambaa na kubeba bomba la dawa hivyohivyo. Sasa ilikuwa haitaki kurudi ndani. Hospitali wamesema akatwe haraka, na wamemwambia aje na ndugu.

"Wewe umepita huko," akasema akiutazama mkeka. "Niambie wewe. Nikubali, au nimwachie Mungu?"

Zaidi ya mwaka nilikuwa nimeliandaa jibu. Nililifanyia mazoezi kwenye dripu, nililifanyia mazoezi jikoni. Nikalisema.

"Jitihada haiondoi kudura, mjomba."

Aliinamisha kichwa, na nikaona shingo yake ilivyokonda, kola ya shati imebaki pana. Nilikuwa nimetegemea utamu. Haukuja. Nilisikia kuku wakiparua, basi.

Mjomba hajui kusoma ila jina lake. Nikaichukua fomu, nikaanza kuisoma kwa sauti kutoka juu. Sikuruka neno. Nilisoma faida, nikasoma hatari, nikasoma pale panaposema mtu anaweza kufa, nikamtazama, nikaendelea. Nilipomaliza akaniambia, "Nimesikia. Basi nisainie."

"Siwezi. Hapa ni pako."

"Asha, mimi ni mzee."

"Hapa ni pako, mjomba. Kama ni ndiyo, andika. Kama ni hapana, nitakupikia chai urudi na lori. Sitakuuliza tena, na sitakuamulia."

Nikamwekea kalamu juu ya karatasi. Zuhura alipita na ndoo, akatazama, akaendelea. Mjomba alikaa na ile kalamu muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa na jambo langu. Kisha akaishika kwa ngumi, kama mtu anayeshika mpini, akaandika herufi tano za jina lake, kubwa, zikavuka mstari.

"Na wewe je?" akauliza.

"Mimi ni shahidi. Wangu ni mstari wa chini."

Siku hizi mkono wangu haufai kwa kalamu, vidole vinakaza na maandishi hukimbia ovyo. Niliandika saini yangu polepole, herufi kwa herufi, ili isomeke.